Vali ya Kugawa

Wamono amezipanga juu ya gunia la kahawa,
hapa karakanani kwake, Barabara ya Pallisa, Mbale:
vali tatu za shaba, zimelowa grisi,
hakuna iliyozidi kiganja cha mtoto.
"Chagua," anasema, "ila usichague kwa macho."

Pijo ya baba, mia nne na nne, pikapu ya mwaka sitini na nane,
imekaa juu ya mawe, miguu ya mbele imevuliwa ngoma.
Ngoma hizo zililia mteremko wa Sipi miaka na miaka,
zikashika moto, zikasahau kazi,
na baba akateremka Kaserem
kwa gia ya kwanza na dua ya pili.

Sasa mbele pana diski.
Tumezing'oa kwenye mia tano na nne iliyofia Kumi;
zinang'aa kama sahani za arusi.
Nikadhani kazi imekwisha.
Wamono akacheka, akatema makapi ya muwa.

"Hii hubakiza.
Ngoma ina springi, na springi hurudisha viatu nyumbani;
ukikanyaga tena, mguu unatafuta breki mpaka sakafuni.
Basi bomba huachiwa presha kidogo,
kama kaa unalolifunika jivu usiku.
Nyuma, sawa, iache. Lakini ukiipa diski kaa hilo
pedi hazibanduki. Utafika Muyembe unanuka jiko.

Hii huchelewesha.
Huizuia mbele kwa muda wa kupepesa jicho
hadi nyuma iamke. Siku za tope utaishukuru.

Na hii," akaigeuza, ina kichwa cha kuzungusha kwa vidole,
"hii hugawa. Nyuma hupewa kwa kipimo."

Kwa nini nyuma ipunjwe? nikauliza.
Si nyuma ndiyo inayobeba kabichi?

Hakujibu upesi. Alifuta mikono kwa kitambaa
kilichokuwa kichafu kuliko mikono.
"Ukikanyaga, gari huinama kama mtu anayesujudu.
Uzito wote hukimbilia mbele, nyuma inabaki unyoya.
Ipe unyoya nguvu sawa na jiwe,
magurudumu yanaganda,
na mkia unataka kutangulia kichwa."

Mkia unataka kutangulia kichwa.

Baba aligawa shamba la Tegeres kwa kamba ya katani,
vipande vinne, sawasawa, sisi tukishika vigingi.
Tulipiga makofi. Kamba ilikuwa sawa.
Mlima haukuwa sawa.
Mimi Yeko niliangukia kwenye kijito,
Sabila aliangukia kwenye jiwe,
na mavuno ya tatu hayakumkuta nyumbani.
Yuko Suam, nasikia, anapakia mahindi ya watu.

"Umelala?" Wamono anauliza.
Nikaokota ile ya tatu.

Jioni tukaijaribu kwenye murramu, pikapu tupu.
Breki! Mkia ukateleza, vumbi likatumeza.
Akaingia uvunguni, akazungusha nusu mzunguko.
Breki! Ukateleza kidogo, kama mlevi anayejikaza.
Robo tena. Breki!
Tukasimama wima, kimya, mbuzi wa jirani anatutazama.
Akaazima rangi ya kucha ya binti yake, Nambozo,
akatia doa jekundu: hapa ni tupu.
Tukapakia magunia kumi na moja ya mchanga, akaanza upya,
akatia madoa mawili: hapa ni shehena.
"Na katikati?" nikasema.
"Katikati ni wewe."

Kwa hiyo sasa, kila nikipakia,
nalala chali chini ya gari la baba
na kuuliza kwa vidole: leo nani mzito?
Sijampigia Sabila bado. Namba ninayo.

Leo alfajiri niliteremka Kaserem na kabichi mia tatu.
Kwenye kona, ng'ombe. Nikakanyaga.
Gari likainama, halikupinda.
Nyuma yangu kabichi moja ilibingirika,
ikagonga bati la mbele,
ikatulia.